Sauti ya Fidla na Mahali pa Mikrofoni

Chukua fidla moja, mpigaji mmoja na mikrofoni moja. Unase wimbo uleule mara mbili: mara ya kwanza mikrofoni ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye nyuzi, na mara ya pili ikiwa mita tatu mbele ya mpigaji. Utakapozisikiliza rekodi hizo mbili utadhani kwamba zimepigwa kwa ala mbili tofauti. Ya kwanza itakuwa kali, yenye mikwaruzo ya upinde na pumzi za mpigaji. Ya pili itakuwa hafifu, kana kwamba fidla inapigwa ndani ya pipa. Aghalabu watu hukilaumu chombo, wakatafuta fedha za kununulia kingine cha bei kubwa zaidi. Kumbe chombo ni kilekile, na kilichobadilika ni mahali tu.

Jambo hili haliwahusu mafundi wa redio peke yao. Muziki mwingi wa nyuzi wa Afrika ya Mashariki haukuandikwa kwa nota. Mpigaji anapofariki, namna yake ya kuvuta upinde hubaki katika masikio ya waliomsikia, na katika rekodi kama ipo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alisafiri Tanganyika akinasa muziki wa makabila mbalimbali, na alikuwa na desturi ya kuishika mikrofoni mkononi mwake mwenyewe, akiisogeza karibu na mbali kadiri muziki ulivyoendelea. Rekodi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, na hata leo wachunguzi huzitegemea. Siku hizi karibu kila shule ina simu au kinasa sauti kidogo kinachoweza kufanya kazi hiyo. Programu za kompyuta nazo zinaweza kupunguza mvumo wa feni au kuongeza sauti nene. Lakini hakuna programu inayoweza kuirudisha sauti ambayo mikrofoni haikuipata tangu mwanzo. Kwa hiyo inafaa mwanafunzi na mwalimu wafahamu sababu za kisayansi zinazoamua mahali pa kuiweka.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu istilahi. Mitaani watu husema "kipaza sauti" kwa vitu viwili vilivyo kinyume: kile kinachopokea sauti na kuigeuza kuwa umeme, na kile kinachopokea umeme na kuugeuza kuwa sauti. Katika makala haya tutaita cha kwanza mikrofoni, na cha pili spika.

Sauti ya fidla hutoka wapi?

Wengi watajibu kwamba hutoka kwenye nyuzi. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli. Upinde uliopakwa ulimbo huung'ang'ania uzi na kuuvuta kando. Uzi ukishindwa kuvumilia huponyoka na kurudi, kisha hunaswa tena. Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Kijerumani, alilieleza tendo hili katika kitabu chake cha mwaka 1863. Kwa uzi wa A hujirudia mara 440 kila sekunde. Kwa uzi mnene kuliko yote, yaani G, hujirudia mara 196. Kwa D mara 294, na kwa E mara 659 hivi. Idadi hiyo ya mitetemo kwa sekunde huitwa marudio, na kipimo chake ni hezi.

Hata hivyo uzi ni mwembamba mno kuweza kuisukuma hewa. Jaribu kuutikisa uzi wa kushonea nguo hewani, nawe hutasikia kitu. Mtetemo wa uzi hupitia kwenye kidaraja cha mbao kinachoziinua nyuzi, ukafika kwenye ubao wa juu wa fidla, na kwa njia ya kijiti kilichosimamishwa ndani ukafika kwenye ubao wa nyuma. Mbao hizo, pamoja na hewa inayoingia na kutoka katika matundu mawili yenye umbo la herufi f, ndizo zinazoisukuma hewa ya chumbani. Hewa iliyomo ndani ya kasha hupenda kutetemeka kwa marudio yake yenyewe, karibu na hezi 275, kama chupa tupu inavyolia ukipuliza mdomo wake. Basi anayeielekeza mikrofoni kwenye tundu la f kwa umbali wa sentimita chache, akidhani kwamba ndiko sauti inakotokea, atapata fidla inayovuma kwa unene usio wake.

Sasa tuangalie sauti hiyo inaelekea wapi, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Katika hewa yenye joto la digrii 30 za sentigredi sauti husafiri mita 350 hivi kwa sekunde. Urefu wa wimbi hupatikana kwa kuigawa kasi hiyo kwa marudio. Kwa uzi wa G tutapata 350 ÷ 196, yaani karibu mita 1.8. Kasha la fidla lina urefu wa sentimita 36 tu. Chombo kilicho kidogo kuliko wimbi lake hakiwezi kulielekeza wimbi hilo upande mmoja, hivyo sauti nene za fidla husambaa pande zote, mbele na nyuma, karibu kwa usawa.

Lakini noti ya fidla si mtetemo mmoja. Pamoja na hezi 196 kuna 392, 588, 784 na kuendelea hadi maelfu. Na mitetemo hiyo ya juu ndiyo inayotuwezesha kuitambua fidla tusiichanganye na filimbi. Kwa hezi 3,500 wimbi lina urefu wa sentimita 10 tu. Wimbi hilo ni dogo kuliko kasha, na kwa marudio hayo sehemu moja ya ubao husukuma hewa wakati sehemu ya jirani inaivuta. Matokeo yake ni kwamba sauti hutoka kama miale, mwingine ukielekea juu, mwingine kando, na mpigaji akibadili noti hata kidogo miale hiyo nayo hubadili mwelekeo. Mwaka 1997 Gabriel Weinreich wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alionyesha kwamba tabia hiyo ni sehemu kubwa ya uzuri wa fidla: msikilizaji aliyeketi ukumbini hupokea miale ya kila upande baada ya kuta kuirudisha, na masikio yake huiunganisha kuwa sauti moja iliyo hai.

Kwa hiyo hakuna nukta moja karibu na fidla ambako sauti yake yote inapatikana. Mikrofoni iliyo karibu mno husikia kipande cha ubao. Mikrofoni iliyo mbali hupata fidla nzima, lakini hupata na chumba kizima pia. Kazi ya fundi ni kutafuta mahali kati ya hasara hizi mbili, na mahali hapo panategemea zaidi chumba kuliko fidla.

Chumba nacho ni ala

Sauti inayokwenda moja kwa moja hupungua kadiri inavyosafiri: umbali ukiongezeka maradufu, nguvu yake hubaki robo, yaani hupungua kwa desibeli 6. Sauti iliyorudishwa na kuta haifuati kanuni hiyo, kwani hujaa chumba chote karibu kwa kiasi kilekile, kama moshi. Basi pana umbali fulani kutoka kwenye ala ambapo sauti ya moja kwa moja na sauti ya chumba hulingana. Ukiwa ndani ya umbali huo unasikia ala zaidi, na ukiwa nje yake unasikia chumba zaidi. Katika makala haya tuuite umbali wa mizani.

Aliyetuwezesha kuukadiria ni Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kukitengeneza chumba cha mihadhara ambamo maneno ya mhadhiri hayakueleweka kwa wingi wa mvumo. Usiku, mji ulipotulia, yeye na wasaidizi wake waliingiza chumbani mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, wakapima kwa saa muda ambao sauti ya kinanda cha mabomba ilichukua kufifia, wakaongeza mito, wakapima tena. Kutokana na kazi hiyo alipata kanuni iliyo rahisi hata kwa kidato cha pili: muda wa mvumo, kwa sekunde, ni 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, ukigawanya kwa jumla ya unyonyaji wa sauti kwa mita za mraba. Muda wa mvumo maana yake ni muda ambao nguvu ya sauti huchukua kushuka hadi sehemu moja ya milioni.

Tuchukue darasa lenye urefu wa mita 9, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 189, na jumla ya eneo la kuta, sakafu na dari ni mita za mraba 222. Kuta za saruji na sakafu ngumu hunyonya sauti kidogo sana. Tuseme kwa wastani sehemu 5 katika kila 100. Unyonyaji wote basi ni 222 × 0.05, yaani 11.1. Muda wa mvumo unakuwa 0.161 × 189 ÷ 11.1, ambao ni sekunde 2.7. Huo ni mvumo wa ukumbi mkubwa, umo ndani ya chumba kidogo! Umbali wa mizani hupatikana kwa kuugawa ujazo kwa muda wa mvumo, kutafuta kipeo cha pili cha jibu, na kuzidisha kwa 0.057. Kwa darasa letu tupu tunapata mita 0.47. Maana yake, mikrofoni ya kawaida ikiwekwa mita moja tu kutoka kwenye fidla tayari inasikia kuta kuliko inavyomsikia mpigaji.

Sasa tuingize magodoro manane ya sponji kutoka bwenini, kila moja likiwa na mita za mraba mbili, nayo yasimamishwe kuzunguka kuta. Likinyonya sehemu tisa katika kumi za sauti inayolifikia, kila godoro linaongeza 1.8, na yote manane yanaongeza 14.4. Muda wa mvumo unashuka hadi sekunde 1.2 na umbali wa mizani unapanda hadi mita 0.72. Wanafunzi arobaini walioketi wangefanya kazi kubwa zaidi kidogo kuliko magodoro, kwani mtu mmoja na nguo zake hunyonya kiasi cha mita za mraba 0.45, lakini magodoro hayakohoi.

Ifahamike kwamba kanga iliyobandikwa ukutani haisaidii sana. Nguo hunyonya sauti pale hewa inapopita ndani yake kwa kasi, na mwendo wa hewa ukutani kabisa ni mdogo. Itundikwe kwa makunjo, mbali na ukuta kwa sentimita 10 au zaidi. Ama trei za mayai, ambazo watu wengi hujaza kwenye kuta za studio zao, zina sifa kubwa kuliko kazi yake. Hutawanya sauti kali kidogo, basi.

Kuchagua mikrofoni

Mikrofoni zote zina kiwambo, yaani utando mwepesi unaotikiswa na hewa kama ngozi ya ngoma. Tofauti iko katika namna mtikisiko huo unavyogeuzwa kuwa umeme.

Katika mikrofoni ya sumaku, kiwambo kimeunganishwa na koili ya waya iliyo katika uga wa sumaku. Koili ikitikisika, mkondo wa umeme huzaliwa, kama katika dainamo ya baiskeli. Ni chombo imara, hustahimili vumbi na kuanguka. Lakini koili ina uzito, na kitu kizito huchelewa kuifuata mitetemo ya haraka. Pia umeme wake ni mdogo, hivyo ikinasa sauti ya chini hulazimu kukuzwa sana, na mnong'ono wa mitambo hukuzwa pamoja nayo. Kwa mwimbaji jukwaani inafaa kabisa. Kwa fidla moja katika chumba kimya siyo chaguo la kwanza.

Mikrofoni ya kapasita ilibuniwa na E. C. Wente huko Marekani mwaka 1916. Kiwambo chake huwa sehemu moja ya kapasita: kikisogea karibu na bamba la nyuma au mbali nalo, uwezo wa kapasita hubadilika na volti hubadilika nao. Katika mikrofoni za leo kiwambo hicho kina unene wa maikromita chache tu, hali unywele wa binadamu una kama 70. Kwa kuwa ni chepesi hufuata mikwaruzo myembamba ya upinde na mwanzo wa kila noti. Huhitaji umeme, kwa kawaida volti 48 zinazopita katika waya uleule wa sauti, na haipendi unyevu. Pwani inafaa itunzwe katika kopo linalofungwa vizuri, pamoja na vifuko vya kemikali vinavyonyonya maji.

Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West, wakifanya kazi katika maabara za Bell, walitengeneza mikrofoni ya kapasita ambayo utando wake wa plastiki unashikilia chaji ya umeme daima, bila kuhitaji volti ya nje ya kuuchaji. Ndiyo iliyozifanya mikrofoni za aina hii kuwa za bei nafuu. Hizo ndogo zinazobanwa kwenye kola ya shati ni za ukoo huo. West ni Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1931 katika jimbo la Virginia, enzi za ubaguzi wa rangi, na wasomaji wetu wanafunzi watafanya vema kulikumbuka jina lake kila wanapozungumza kwa simu, ingawa simu za karne hii zimeingia katika mikrofoni ndogo zaidi zinazochongwa katika silikoni.

Aina ya tatu ni ya utepe. Utepe mwembamba wa alumini huning'inizwa kati ya ncha za sumaku. Huilainisha sauti ya fidla iliyo kali, na mafundi wengi huipenda kwa sababu hiyo, lakini pumzi moja ya nguvu yaweza kuukata utepe.

Kwa shule inayotaka kununua moja tu, ushauri wetu ni mikrofoni ya kapasita yenye kiwambo kidogo, cha kipenyo cha sentimita 1.2 hivi. Sababu ni ileile ya mawimbi. Kiwambo cha sentimita 2.5 kinalingana na wimbi la hezi 14,000, kwa hiyo sauti kali zinazokijia kwa upande hujifuta zenyewe juu ya uso wake. Kile kidogo huanza kuwa na tatizo hilo karibu na hezi 29,000, ambazo sikio halizifikii. Mpigaji wa fidla hajisimamishi kama sanamu. Akigeuka, kiwambo kidogo hakitaibadili rangi ya sauti yake.

Mikrofoni husikia upande upi?

Kiwambo kilichofunikwa nyuma hupima kanieneo ya hewa tu, na kanieneo haina upande. Mikrofoni kama hiyo husikia pande zote. Kiwambo kilicho wazi mbele na nyuma hupima tofauti ya kanieneo kati ya nyuso zake mbili. Sauti inayotoka ubavuni hufika kwenye nyuso zote mbili kwa pamoja, tofauti ikawa sifuri, na mikrofoni haisikii kitu. Ramani ya usikivu wake hufanana na tarakimu 8. Ukizijumlisha tabia hizi mbili kwa usawa unapata umbo la moyo, ambalo walimu wa hisabati wanaweza kulichora darasani kwa kanuni (1 + kos θ) ÷ 2: mbele ni 1, ubavuni ni nusu, na nyuma ni sifuri.

Mikrofoni ya umbo la moyo hupokea theluthi moja tu ya nguvu za mvumo unaotoka pande zote. Kwa hiyo inaweza kuwekwa mbali mara 1.7 kuliko ile ya pande zote na bado ikapata uwiano uleule. Katika darasa letu tupu umbali wa mizani unatoka sentimita 47 hadi 80 hivi, na lenye magodoro unafika mita 1.2. Faida nyingine ni ile sifuri ya nyuma. Kama pana feni au friji isiyoweza kuzimwa, mgongo wa mikrofoni uelekezwe huko, kisha mpigaji aombwe kuketi upande wa mbele.

Lakini mikrofoni hii ina gharama yake. Chanzo cha sauti kikiwa karibu sana, uso wa mbele wa kiwambo hupata nguvu zaidi kuliko wa nyuma kwa sababu tu uko karibu zaidi, na tofauti hiyo ya ziada huzinenepesha sauti nene. Watangazaji wa redio huipenda hali hiyo. Kwa fidla huufanya uzi wa G uvume kupita kiasi. Katika chumba kizuri kisicho na kelele, mikrofoni ya pande zote hutoa sauti ya asili zaidi, na mimi binafsi ningeichagua hiyo. Ila vyumba vya namna hiyo ni adimu.

Pa kuanzia

Fidla hushikwa begani, uso wake ukitazama juu na kuelekea kidogo kulia kwa mpigaji. Sauti zake kali hutoka zaidi kwenye uso huo. Basi mikrofoni iwe juu kuliko fidla, upande ambao uso wa ala unautazama, ikielekezwa chini kwenye kasha. Katika chumba cha kawaida kilichopunguzwa mvumo, anza na umbali wa sentimita 80 hadi mita moja. Katika ukumbi mzuri, mita moja na nusu au mbili. Katika chumba tupu ambacho huna la kukifanya, jongea hadi sentimita 50, lakini usishuke chini ya sentimita 40, ambazo zinazidi kidogo urefu wa kasha lenyewe. Chini ya hapo unarudi kwenye kusikia kipande cha ubao.

Umbali huo unaleta salama nyingine pia. Mpigaji akiyumba sentimita 5 wakati mikrofoni iko sentimita 10 kutoka kwake, sauti hupanda na kushuka kwa desibeli 3.5, na kila msikilizaji atagundua. Akiyumba kiasi hichohicho mbele ya mikrofoni iliyo sentimita 60, badiliko ni desibeli 0.7 tu.

Kutoka hapo tumia masikio, lakini masikio yanadanganya! Mtu mwenye masikio mawili, pamoja na ubongo wake, huupuuza mvumo wa chumba bila kujua. Mikrofoni moja haina ubongo. Ziba sikio moja kwa kidole, umzunguke mpigaji polepole wakati anapiga, ukiinua na kushusha kichwa. Chumba kitaonekana kuwa na mvumo zaidi mara moja, na hapo unasikia karibu kama mikrofoni inavyosikia. Mahali utakapopapenda, weka mikrofoni hapo, nasa dakika moja, usikilize, kisha uisogeze sentimita 20 na kunasa tena. Sauti ikiwa kali mno, iondoe mikrofoni kwenye mstari unaotoka wima juu ya ubao, uipeleke upande wa kichwa cha fidla. Ikiwa butu, irudishe.

Pana kosa moja linalotendeka sana, nalo ni kuweka mikrofoni juu ya kistendi kifupi mezani. Tuseme mikrofoni iko sentimita 15 juu ya meza, na fidla iko sentimita 80 mbele yake, sentimita 45 juu ya usawa wa meza. Kwa kanuni ya Pythagoras, njia ya moja kwa moja ni sentimita 85. Njia inayogonga meza kwanza ni sentimita 100. Tofauti ni 15, ambayo ni nusu ya wimbi la sentimita 30. Wimbi hilo, la hezi 1,200 hivi, litafika mara mbili, kilele kikikutana na bonde, na litajifuta karibu lote. Vivyo hivyo kwa hezi 3,600 na 6,000. Fidla itakayosikika itakuwa na mapengo, kama kitana kilichong'oka meno. Tiba yake ni kuiondoa meza. Ukishindwa, ilaze mikrofoni juu ya meza kabisa, kiwambo kikiugusa uso wake, ili njia mbili ziwe moja.

Kwa anayetumia simu, yote yaliyosemwa hapo juu yanabaki kweli, na moja zaidi linaongezeka: simu nyingi hupandisha sauti ya chini, huteremsha ya juu, na huifuta sauti isiyobadilika kwa kudhani kwamba ni kelele. Noti ndefu ya fidla ni sauti isiyobadilika. Itafutwe programu inayoruhusu kuzima usaidizi huo. Kiwango cha kunasia kiwekwe ili kilele cha juu kabisa kibaki kama desibeli 12 chini ya kikomo, kwa sababu wapigaji hupiga kwa nguvu zaidi wakati wa kunasa kuliko wakati wa kujaribu.

Mikrofoni mbili huongeza upana, wala si lazima kwa ala moja. Alan Blumlein wa Uingereza alieleza namna yake katika hataza aliyoiomba mwaka 1931: mikrofoni mbili za umbo la tarakimu 8, zikiwa mahali pamoja na kupishana kwa pembe ya digrii 90. Zikiwa mahali pamoja, sauti huzifikia kwa wakati mmoja na hazifutani. Mwenye mikrofoni mbili anayeweka moja karibu na nyingine mbali, akazichanganya, anajitengenezea tena lile tatizo la meza.

Udi na zeze

Kanuni ni zilezile lakini ala hazifanani. Udi hudonolewa, hauvutwi kwa upinde, hivyo kila noti huanza kwa kishindo kidogo na kufifia; nao una sauti ya chini kuliko fidla. Mikrofoni ya kapasita ndiyo inayoufaa, kwa umbali wa sentimita 40 hadi 60. Uso wa udi hutazama mbele, si juu, kwa hiyo mikrofoni iwe mbele ya ala kwa kimo chake, ikielekezwa pale shingo inapokutana na kasha. Ikielekezwa kwenye tundu itavuma, na ikielekezwa kwenye mkono wa kulia itanasa mgongano wa kidonoleo.

Zeze la Wagogo, ambalo hayati Hukwe Zawose alilifikisha katika majukwaa ya nchi nyingi kabla ya kufariki mwaka 2003, lina jambo lake. Uso wake ni ngozi, na ngozi hulegea hewa inapokuwa na unyevu. Mpigaji apewe muda wa kuitengeneza, na majaribio yasifanywe asubuhi kwa rekodi ya jioni. Zaidi ya hayo, mpiga zeze kwa kawaida huimba. Mdomo uko juu, zeze liko chini, na mikrofoni ni moja. Iweke mbele yake, umbali wa sentimita 80 hivi, kwa kimo cha katikati ya mdomo na ala, unase ubeti mmoja na kusikiliza. Sauti ya mdomo ikizidi, shusha mikrofoni sentimita 10 na uielekeze kwenye ngozi. Zeze likizidi, ipandishe. Mzee asiombwe kuimba kwa chini wala kubadili kiti chake cha siku zote.